Dakika Kumi na Moja Mguu Ukiwa Kwenye Breki

KITUO CHA POLISI MTAA WA KARAFUU, ILALA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Ritha Zakayo Millanzi
Umri: Miaka 42
Dini: Mkristo
Kazi: Fundi umeme wa magari
Mahali pa kazi: Gerezani, Kariakoo
Makazi: Ilala Bungoni, Dar es Salaam
Mahali pa asili: Masasi, Mtwara
Tarehe: 24 Julai 2025
Muda wa kuanza: Saa 6:05 mchana

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu mbele ya WP Koplo Victoria, nikifahamu kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa.

Nafanya kazi ya umeme wa magari Gerezani tangu mwaka 2006. Nafunga redio, kamera za kurudia nyuma, na zaidi ya yote nafunga taa za nyuma za LED, zile ambazo wenye magari wanatoa za kiwandani na kuweka zenye kioo cha rangi ya moshi. Naomba iandikwe mapema kwamba kazi hii naijua, kwa sababu kuna mtu amezunguka mtaani miaka mitatu akisema mimi nilikuwa namchemshia chai.

Mtu huyo ni Shukuru Sadalla, fundi taa, ambaye kibanda chake kiko hatua kama arobaini kutoka kwangu. Alikuja kwangu mwaka 2016 akiwa hajui kushika testa ya kupimia umeme. Nilimfundisha mwenyewe. Tulifanya kazi pamoja miaka sita, na wakati wote huo aliniita "Fundi", hakuwahi kuniita jina. Mwezi Juni 2022 alihama na wateja wangu karibu wote, akatundika bango lenye picha yake na maneno "Shukuru Taa, Mwalimu wa LED Kariakoo". Wateja waliouliza habari zangu aliwaambia mkono wa mwanamke unatetemeka kwenye kulehemu. Kila asubuhi nikienda kazini napita chini ya bango hilo. Hakuna njia nyingine.

Nikiulizwa na Koplo kama nina ugomvi na Shukuru, nasema ndiyo, ninao. Sijamsamehe na sina mpango huo. Nimemwomba Koplo aandike hivyo hivyo bila kulainisha, kwa sababu wakili wake akija kulisema mahakamani nataka liwe limeshasemwa na mimi.

Mnamo tarehe 15 Julai 2025, siku ya Jumanne, saa 11:25 jioni, mdogo wangu Pius Zakayo Millanzi, miaka 27, mwendesha bodaboda, alipata ajali Barabara ya Sokoine karibu na Stesheni. Alikuwa amebeba maboksi ya viatu kutoka Kariakoo anapeleka Kigamboni, anawahi pantoni ya kuvukia pale Magogoni. Mbele yake kulikuwa na gari dogo la rangi ya fedha, namba zake ziko kwenye jalada la ajali, likiendeshwa na kijana Dhruv, muuza vitambaa katika duka la baba yake Mtaa wa Uhuru. Mkokoteni wa magunia ulikatiza barabara. Dhruv alishika breki. Pius hakushika, akaliingia gari kwa nyuma.

Mimi sikuwepo. Nilipigiwa simu saa 11:40 na dereva bodaboda mwenzake, nikafika saa 12:10. Pius alikuwa ameshapakiwa kwenye gari la wagonjwa. Mguu wa kulia niliuona mara moja, sikuutazama tena. Alinishika mkono akasema, "Dada, taa haikuwaka. Ile nyekundu ilikuwa vilevile tu. Nakuapia, haikuongezeka."

Nilimwamini pale pale. Pius nimemlea tangu ana miaka tisa, mama yetu alipofariki, na nikamtoa Masasi kuja naye huku. Ana makosa yake, lakini si mtu wa kuapa hovyo.

Askari waliopima ajali walimwandikia Pius kosa la kuendesha bila uangalifu, kwa kuwa aliyegonga kwa nyuma ndiye huhesabiwa mkosaji. Tarehe 18 Julai madaktari walimkata mguu huo chini ya goti. Tarehe 28 Julai, Jumatatu ijayo, anatakiwa mahakamani kama mshtakiwa. Ndiyo sababu niko hapa. Mguu haurudi, lakini jina la mkosaji halitabaki lake.

Tarehe 16 Julai saa 3:00 asubuhi mkaguzi wa magari alilikagua gari la Dhruv katika uwanja wa kituo hiki. Alimwambia Dhruv akanyage breki. Taa za breki zikawaka zote tatu, mbili za pembeni na moja ya juu kwenye kioo. Aliandika kwenye fomu kwamba taa ni nzima. Simlaumu. Taa zile zikiwa baridi zinawaka vizuri kuliko za kiwandani.

Nilimkuta Dhruv getini siku hiyo. Nilimuuliza taa zile zimefungwa na nani. Alisema, "Sista, taa zangu ni mpya, nimefunga Aprili kwa Shukuru, Mwalimu wa LED. Ndugu yako alikuwa anachezea simu tu." Simu ya Pius ilikutwa imezimwa ndani ya begi, na mwenye kuikuta ni askari wenu. Neno hilo la simu nililiweka akiba.

Tarehe 17 Julai, saa 8:00 mchana, nilimwomba Dhruv anifungulie buti, akafungua, askari wa zamu akiwepo. Sikugusa kitu. Niliangalia nyuma ya taa kwa tochi. Niliona tepu nyekundu ya kitambaa, imezungushwa mara tano na ncha yake imekunjwa. Mafundi wa Gerezani tunatambuana kwa namna ya kufunga tepu, kama mtu anavyotambua mwandiko. Ile ilikuwa ya Shukuru.

Naona aibu kulisema hili, lakini ni kweli: nilifurahi. Mdogo wangu alikuwa anasubiri kuingia chumba cha upasuaji kesho yake, na mimi nimesimama nyuma ya gari nasema kimoyomoyo, leo nimekupata.

Naeleza sasa ugonjwa wa taa hizo, kwa sababu Koplo amesema yeye si mtu wa magari na hakimu pia huenda si mtu wa magari.

Taa ya LED inakula umeme kidogo sana. Gari likiona umeme unaotumika ni kidogo, linadhani balbu imeungua, linawasha alama ya onyo kwenye dashibodi. Mteja hataki kuiona alama hiyo. Kwa hiyo fundi anaongeza kipande kinachoitwa rizista, ukubwa wake kama kidole gumba, chenye kazi ya kula umeme ili gari lidanganyike. Umeme ule unageuka joto. Mguu ukikaa kwenye breki muda mrefu, rizista inachemka kiasi cha kubabua ngozi. Ninalo kovu, nimemwonyesha Koplo.

Rizista inatakiwa ifungwe kwa skrubu kwenye bodi ya chuma ili joto lipate pa kwenda. Lakini mteja wa Dar es Salaam hataki gari lake litobolewe hata tundu moja, kwa sababu anafikiria siku ya kuliuza mnunuzi ataona tundu na kusema gari limechokonolewa. Hata Dhruv alimwambia Shukuru hivyo hivyo, asitoboe. Sasa fundi wa Gerezani anafanyaje? Anaiviringisha rizista kwenye tepu pamoja na kiungo cha waya, anaisokomeza nyuma ya plastiki, anarudisha kifuniko. Inaonekana safi. Mteja anakanyaga breki mara moja, anaona nyekundu inang'aa, anapiga picha, anaondoka.

Gari likiwa kwenye barabara iliyo wazi hakuna tatizo, breki inashikwa na kuachiwa. Tatizo ni foleni. Kutoka Uhuru kuja Msimbazi mpaka kuiacha Gerezani, jioni, mguu hautoki kwenye breki. Joto linalainisha lehemu, kiungo kinaachia. Taa zote tatu za breki zinalishwa na kiungo hicho kimoja, kwa hiyo zinakufa pamoja. Taa ndogo nyekundu ya kutembelea, ambayo kwenye LED hizi huwaka mchana na usiku injini ikiwashwa, ina waya wake, inabaki inawaka. Aliye nyuma anaona nyekundu muda wote na hajui lini breki imeshikwa. Halafu gari linatoka kwenye foleni, barabara inafunguka, watu wanakimbia, na hapo ndipo breki inapohitajika. Gari likilala, kiungo kinapoa, kinagusana tena. Asubuhi mkaguzi anakuta taa nzima.

Dhruv mwenyewe amekiri kwamba siku ile alikaa kwenye foleni dakika arobaini kabla ya kufika Sokoine.

Niliomba mara mbili gari lipimwe upya, tarehe 19 na tarehe 21 Julai, nikaambiwa ukaguzi umeshafanyika. Mara ya tatu, jana, nilimpata Koplo Victoria. Nilimwambia, "Afande, naomba mguu ukae kwenye breki nusu saa tu. Taa zisipokufa, niwekeni ndani kwa kuwasumbua." Alikubali, na akaagiza Shukuru aitwe kama fundi aliyezifunga.

Leo tarehe 24 Julai, saa 4:10 asubuhi, tulikuwa uwanjani hapa kituoni: Koplo Victoria, mkaguzi yule yule wa magari, Dhruv, Shukuru na mimi. Shukuru alikuja amevaa fulana yenye picha ya bango lake. Alimsalimia kila mtu, na kwangu akasema, "Mambo, Fundi?"

Injini iliwashwa. Dhruv alikanyaga breki saa 4:14. Taa zote tatu zikawaka. Shukuru alipiga makofi akasema, "Si mnaona wenyewe? Huyu mama ana wivu wa biashara, afande. Tunapotezeana muda tu." Nilisema Dhruv asiondoe mguu. Dakika ya tatu, mkaguzi alitoa simu yake akaanza kuisoma. Dakika ya sita Shukuru alianza kuwaonyesha askari wengine picha za magari aliyoyafunga, akawaahidi punguzo. Mimi niliziangalia taa tu, sikumwangalia mtu.

Dakika ya nane ilikuja harufu ya plastiki. Shukuru aliisikia, nilimwona anaacha kuongea. Dakika ya kumi taa zilicheza mara mbili. Dakika ya kumi na moja zikazima, zote tatu, Dhruv mguu ukiwa kwenye breki. Ile nyekundu ndogo ikabaki vilevile, kama alivyosema Pius.

Mkaguzi aliweka simu mfukoni, akaenda mwenyewe kuutazama mguu wa Dhruv kama kweli umekanyaga. Alikuta umekanyaga. Akamwambia aachie, akanyage tena. Hakuna. Akanyage kwa nguvu. Hakuna. Kifuniko kilifunguliwa na gundi ya tepu nyekundu ilikuwa imeyeyuka, inanata kama ubuyu wa sukari. Tuliacha gari lipoe dakika ishirini na tano. Dhruv alikanyaga tena na taa zikawaka kama hakuna kilichotokea. Mkaguzi aliomba kalamu.

Dhruv alishuka, akakaa kwenye ukingo wa saruji, akashika kichwa. Alisema, "Dada, mimi sikujua. Ningejua ningewaacha watoboe." Nilimjibu, "Na ile simu?" Alisema, "Nisamehe kwa ile simu." Nilimwambia akamwombe msamaha Pius kitandani kwake na aende bila maua. Sina shida zaidi na Dhruv.

Nilimgeukia Shukuru. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimetunga nitakachomwambia siku kama ya leo, nilikuwa nakijua kwa moyo, na nilifungua mdomo nikiseme. Yeye akaniwahi. Hakupaza sauti. Alisema, "Fundi, kufunga hivi si ulinifundisha wewe? Kwenye kibanda chako, na tepu hii hii. Wewe sasa hivi unafunga kwa skrubu, nimeona magari yako. Ulijua lini? Mbona hukuniambia?"

Koplo Victoria alinitazama, na mkaguzi pia. Nilisema nitajibu kwenye maelezo, na hapa ndipo najibu.

Ni kweli nilimfundisha mimi. Nilikuwa nafunga hivyo tangu taa hizi zilipoanza kuingia, na sikuwa najua. Mnamo mwezi Agosti 2023, tarehe siikumbuki, mteja wangu Mwanne, mwalimu wa shule ya msingi anayeishi Kigamboni, alinirudishia gari akisema taa zake za breki zinakufa akiwa kwenye foleni ya pantoni Magogoni na zinapona akifika nyumbani. Nilikaa ndani ya gari lake karibu nusu saa nimekanyaga breki mpaka zikafa. Nilipofungua nikaona nilichokiona leo. Siku hiyo hiyo nilianza kuwapigia wateja wangu wote niliowafungia hivyo. Walikuwa kumi na mmoja. Niliwaita mmoja mmoja, nikafungua, nikatoboa, nikafunga kwa skrubu. Waliokataa kutobolewa niliwarudishia taa zao za kiwandani, na wawili walinitukana.

Shukuru sikumwambia.

Siku niliyomaliza gari la mwisho nilikaa kibandani na soda mkononi, na ng'ambo ya barabara Shukuru alikuwa anafunga gari la mtu, anazungusha ile tepu nyekundu, mara tano, anakunja ncha. Ningevuka barabara ningemaliza kwa sentensi moja. Nilikunywa soda yangu. Nilisema moyoni, ngoja. Nilitaka magari yarudi kwake yakiwa na harufu ya kuungua, wateja wasimame chini ya bango lake wamtukane mbele ya watu. Hilo ndilo nililokuwa nalisubiri. Nilijua taa ya breki ina kazi gani. Sikutaka kufikiria nani atakuwa nyuma ya gari hilo. Nilisubiri karibu miaka miwili, na baadhi ya siku niliamka na furaha kwa sababu hiyo.

Aliyekuwa nyuma ni Pius.

Pius hajui. Jana aliniuliza pale hospitalini, "Dada, umejuaje kwamba zinakufa zikipata moto? Hata mkaguzi hakujua." Nilimwambia ni uzoefu wa kazi. Alitabasamu, akamwambia mgonjwa wa kitanda cha pili, "Si nilikwambia dada yangu ni fundi kuliko wote Kariakoo?"

Nikiulizwa kama kwa hayo namwondolea Shukuru lawama, nasema hapana. Alizifunga yeye, mkono wake ndio uliozungusha tepu ile, na amejiita mwalimu mwenyewe. Nataka ashtakiwe. Nataka pia aagizwe atoe namba za simu za kila mteja aliyemfungia taa, magari hayo yaitwe Gerezani, na mimi nitayafungua moja moja mbele ya bango lake, bure, watu wakiangalia. Nitafanya hivyo kwa sababu kuna watu nyuma ya magari hayo sasa hivi wanaelekea nyumbani. Nitafanya pia kwa sababu nataka aone. Sitaki kumdanganya Koplo kwamba ni sababu moja tu.

Na kama sheria ina kosa la mtu aliyejua akanyamaza, Koplo aliandike na jina langu aliweke chini yake. Nimemuuliza kama lipo. Amesema atawauliza wakubwa wake.

Maelezo haya yatasomwa mahakamani Jumatatu, na Pius ataletwa kwa kiti cha magurudumu kuyasikiliza. Nilitaka kumwambia kabla ya siku hiyo. Nilikwenda jana nikiwa na nia hiyo, nikakaa saa nzima namenya machungwa, nikaondoka. Basi ayasikie hapo. Nitakuwa nimesimama mahali ambapo ataniona.

Sina la kuongeza wala la kupunguza. Niliyoyajua nimeyasema, pamoja na lile nililolificha.

Sahihi ya shahidi: R. Z. Millanzi
Muda wa kumaliza: Saa 7:50 mchana

MAELEZO YA ASKARI ALIYEANDIKA

Mimi WP Koplo Victoria nimemsomea shahidi maelezo yake kwa lugha ya Kiswahili naye amekiri kuwa ni sahihi. Nilimweleza shahidi kwamba sehemu inayohusu mwezi Agosti 2023 hakuulizwa na mtu yeyote ofisini, na kwamba ana haki ya kutosema jambo linaloweza kumtia hatiani. Nilimpa nafasi ya kuiondoa kabla ya kuweka sahihi. Alikataa, akachukua kalamu na kuweka sahihi ya pili pembeni mwa sehemu hiyo. Mkono wake haukutetemeka.

WP Koplo Victoria
24 Julai 2025